Wimbo Waliokutungia Louisville

Mama mdogo mpendwa,

Mwezi uliopita nilitapika chuoni. Najua swali lako la kwanza lingekuwa lipi, kwa hiyo nakujibu kabla hujauliza: hapana, sina mimba. Kilichonitapisha ni shairi.

Hukuwahi kuniona nikisoma chuo. Ulipotutoka kule Columbus nilikuwa bado nabandika lebo kwenye maboksi, kila mwaka nikisema mwaka kesho nitaanza shule. Baada ya mazishi sikuweza kuendelea kukaa kwenye ile apatimenti yetu. Nikahamia huku Buffalo, nikapata chumba North Buffalo kwa familia moja ya watu wa Uvira, na kazi ya kumhudumia bibi mmoja wa Kizungu huko Lackawanna. Asubuhi namwogesha, namlisha uji wake, namvalisha soksi za kubana miguu. Mchana napanda basi kwenda darasani. Nasomea unesi, lakini hapa hata nesi lazima apite somo moja la fasihi, na lililolingana na saa zangu lilikuwa moja tu: mashairi ya Kiingereza ya miaka mia nne iliyopita.

Nilidhani yatakuwa mambo ya maua, mapenzi na Mungu. Hayo yalikuwapo, na mengine yalikuwa matamu kiasi kwamba nilitamani kukutafsiria. Kisha tukafika kwenye sehemu ya kejeli na matusi. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba wale watu tunaowaona kwenye picha za zamani, wenye kola nyeupe za marinda shingoni, walikuwa wanaandika uchafu wa namna ile. Na sisemi uchafu kwa sababu nimekulia kanisani. Wewe ndiye uliyenikuza kanisani, na bado siku ya kumfunda bibi harusi ni wewe uliyefunga mlango na kutoa zile nyimbo zako za chumbani, mpaka wamama wazima wakatokwa machozi kwa kucheka. Bibi harusi mwenyewe alicheka kuliko wote. Kwa hiyo utani wa kitandani naujua. Katika kitabu kile kulikuwa na shairi moja la padri mnene aliyekwama dirishani akitoroka chumbani kwa mpishi wake, nusu ndani, nusu nje, huku waumini wanapita kwenda misa na kumsalimia. Nilicheka peke yangu kwenye basi. Wewe ungejifunika mdomo kwa kitenge.

Shairi la juma lililofuata lilikuwa la mjane, na halikuwa na jina la mtunzi. Mjane huyo anauza pombe. Mume wake amezikwa asubuhi, jioni wanaume wamepanga foleni mlangoni, na wote wanataka kunywea kikombe kimoja. Mimi nilielewa kikombe ni kikombe, mpaka niliposoma maelezo madogo chini ya ukurasa. Maelezo hayo yalifafanua kila kitu kwa adabu, kama daktari anayezungumza na jamaa wa mgonjwa: kikombe maana yake nini, mlango wa nyuma maana yake nini, ni ugonjwa gani wa zinaa unaoozesha pua yake. Mtunzi anahesabu meno aliyobaki nayo yule mama. Anasema ngozi yake inanuka kama jibini iliyosahauliwa kabatini. Mwishoni amekufa, na wachimba kaburi nao wanagombania zamu.

Neno hilo la zamu ndilo lililonishika. Kijana mmoja aliyekaa mbele yangu alikuwa amepewa kulisoma kwa sauti, akalisoma kama mlevi, na darasa likaangua kicheko. Mwalimu wetu, mzee mpole anayevaa sweta lile lile kila siku, alitabasamu, akasema tuangalie ufundi wa vina. Mate yakanijaa mdomoni. Nilifika chooni kwa shida.

Unajua nilisikia nini pale. Nilisikia Louisville.

Sijawahi kuzungumza nawe habari hii ikafika mwisho, kwa hiyo ngoja niiandike yote, hata yale unayoyajua kuliko mimi. Mama yangu alipokufa Uvira ulinichukua nikiwa na miaka sita. Kwenye kambi ya wakimbizi ukampoteza mume wako, nami ukaendelea kunibeba kama vile nilitoka tumboni mwako. Tulipofika Amerika, pale Louisville, ulikuwa na miaka thelathini na mitano tu. Ulipata kazi ya kukunja mashuka kwenye dobi ya hoteli. Kwaya ilikupenda mara moja kwa ile sauti yako ya chini, na kiongozi wa kwaya, Faustin, alikupenda kwa namna yake. Mke wake alikuwa bado kambini anasubiri makaratasi ya safari. Yeye akaanza kuja kwetu Jumamosi na mifuko ya mboga ya fumbwa na samaki wakavu, anakaa kwenye kochi letu kama mwenye nyumba.

Siku aliyosema jambo lake nilikuwa chumbani, na kuta za nyumba ile zilikuwa kama karatasi.

"Nabintu, wewe ni mwanamke kijana," alisema. "Utakaa peke yako mpaka lini? Donc, nani atajua?"

"Bibi yako iko kambini, anangoja makaratasi," ulimjibu. "Akifika, mimi nitakuwa nani? Chukua samaki yako, Faustin. Sitaki uache kitu hapa."

Hukupaza sauti. Nilisikia mlango ukifungwa, kisha nikasikia unafungulia maji na kuosha glasi aliyonywea. Uliiosha kwa muda mrefu.

Wimbo ulitoka baada ya wiki tatu hivi. Aliurekodi kwenye simu na kinanda cha kanisa, kile kile mlichoimbia Pasaka. Ulipita kwenye WhatsApp ya vijana, ukafika kwa wanaume wa kiwandani, ukafika kwa wapagazi wa uwanja wa ndege. Hukutajwa jina. "Mjane wa zamu, mjane wa zamu, wa asubuhi akitoka, wa jioni anaingia." Msimamizi wenu wa kazi, ambaye alikuwa anawarudisha wewe na wenzako wawili kwa gari lake kwa sababu basi lilikuwa limeshakwisha kupita, kwenye wimbo alikuwa ndiye mwenye zamu mbili. Kulikuwa na ubeti wa mashuka: kwamba mjane anajua kila doa limetoka wapi, kwa maana yote ameyashuhudia. Ubeti wa mwisho siuandiki. Ulihusu mwili wako na marehemu baba mdogo, jinsi anavyogeuka kaburini kuwapisha wageni. Nikiukumbuka hata sasa, mkono unaniwasha, kama vile nimeshika kitu kilichooza.

Ilikuja harusi ya binti wa mchungaji. Sisi wasichana tulikuwa jikoni kwenye ukumbi, tunakata vitunguu na kupanga sahani. Mmoja wetu akaweka simu juu ya friji, akaufungulia. Wakaanza kucheka. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na wote walijua mimi ni mtoto wa nani. Waliniangalia. Walitaka kuona nitafanya nini.

Mimi nilicheka. Nilicheka zaidi yao. Ulipofika ubeti wa mashuka niliitikia kiitikio, na hata nikafanya ishara ya kukunja shuka kwa mikono, nao wakapiga makofi.

Kisha wakanyamaza, na nilipogeuka ulikuwa mlangoni umeshika sufuria ya kisamvu kwa vitambaa viwili. Sijui ulikuwa umesimama hapo tangu lini. Simu ilikuwa bado inaimba. Uliweka sufuria juu ya meza.

"Sombe imeiva," ulisema. "Mulete masahani."

Basi. Ukatoka. Ulihudumia watu mpaka mwisho, ukampelekea Faustin sahani yake mezani kama ulivyowapelekea wengine. Nyumbani hukuniuliza kitu. Nilisubiri unipige, unitukane, uniambie nirudi kwa ukoo wa baba yangu. Asubuhi ulinipa chai na mandazi, ukaniambia nivae koti zito kwa sababu nje kuna baridi. Baada ya miezi miwili ukasema tunahamia Columbus, kuna kazi nyingi za maboksi huko. Watu waliamini. Mimi nilibeba mabegi nikijua tunakimbia nini.

Columbus uliacha kuimba. Kanisani ulikaa kiti cha nyuma karibu na mlango, na wimbo ukianza ulifungua Biblia kana kwamba unatafuta mstari. Hata ukiosha vyombo ulikuwa kimya. Mtu akikuomba ujiunge na kwaya ulisema una kikohozi. Kikohozi cha miaka miwili, mama mdogo.

Nilijaribu mara moja. Tulikuwa tunatoka kazini, mimi naendesha, wewe umevua viatu vya kazi.

"Mama mdogo," nilisema, "siku ile jikoni, kule Louisville..."

"Angalia barabara," ulisema. "Utapita eksiti yetu."

Nikaangalia barabara. Nilikuwa na siku nyingine nyingi za kujaribu tena, na sikujaribu, kwa sababu lile jibu lako lilinifaa. Jumapili moja ya baridi ulianguka ukijifunga kitenge cha kwenda kanisani. Walisema ni presha. Kwenye mazishi watu walituma pole kutoka kila jimbo, na Faustin naye alituma ya sauti. Aliomba kwa dakika mbili, kisha akaimba ubeti wa tenzi, na kinanda nyuma yake. Nilizima simu nikaenda kunawa mikono kwa sabuni.

Kwa hiyo sasa unaelewa kilichonipata darasani.

Baada ya kipindi mwalimu alinifuata, akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia ukweli, kwamba ni shairi. Hakukasirika. Alinieleza kwamba ile ni desturi ya utunzi wa wakati ule, kwamba wajane walikuwa wakichekwa na kila mtu, kwamba yule mwanamke ni mfano tu.

"Hakuwa mtu halisi," alisema.

"Na kama alikuwa?"

"Hatuna njia ya kujua."

"Alikuwa anauza pombe," nikasema. "Wote walioimba walijua ni mlango gani."

Nilitoka nikimchukia, na nikakichukia na kile kitabu. Karatasi yake nzuri, nyeupe, maelezo yake ya kistaarabu chini ya ukurasa. Miaka mia nne wamemtunza yule mtukanaji kwenye maktaba wanampangusa vumbi, na jina la mama yule hakuna aliyelihifadhi. Nilikuwa nakiweka kwenye mfuko wa plastiki kabla sijakitia kwenye begi langu, kisiguse nguo za kazi.

Lakini mzee yule alikwenda akatafuta. Kipindi kilichofuata alitueleza kwamba mashairi mengi ya aina hiyo hayakuanza kwenye vitabu. Yalinakiliwa kwa mkono na kupitishwa mfukoni hadi mfukoni, yakabandikwa milangoni usiku, yakaimbwa kwenye vilabu vya pombe mpaka watoto wakayajua kwa moyo. Na wapo wanawake walioimbwa hivyo ambao walikwenda mahakamani. Walisimama mbele ya majirani wao wote wakasema: wimbo ule ni wangu, mimi ndiye, na yule pale ndiye aliyeutunga. Alipokuwa anasema hivyo aliniangalia, kisha akaangalia chini. Yule kijana aliyesoma kama mlevi hakucheka siku hiyo, au labda alikuwa na simu yake.

Niliwaza wale wanawake kwa siku nyingi. Ili kushtaki, ilibidi waurudie wimbo wenyewe, kwa midomo yao, mbele ya hakimu. Nilijiuliza waliwezaje kuutia mdomoni.

Jumamosi mbili zilizopita kulikuwa na harusi hapa Buffalo, ya vijana wetu wa Kivu. Niliingia ukumbini mchana, nikaona mshereheshaji amesimama na maikrofoni, suti ya bluu, viatu vinang'aa. Alikuwa Faustin. Wamemwita kutoka Louisville. Siku hizi wanamwita Mtumishi. Mke wake amekwisha fika Amerika, mama mnyamavu mwenye gauni la kijani, alikuwa amekaa meza ya mbele. Faustin aliniona, akanisalimia kwa furaha mbele za watu, "binti yetu wa zamani," akanipa mkono. Nikaupokea. Ulikuwa na jasho.

Baada ya chakula vijana wakaanza kumwomba. "Mtumishi, tupe Mjane." Alikataa kwa kucheka, kama msichana anayetaka kubembelezwa. Wakasisitiza. Mpiga kinanda akagusa zile noti za mwanzo, na ukumbi mzima, mama mdogo, watoto ambao hawakuwa hata wamezaliwa tulipokuwa Louisville, wakaanza kuitikia. Mjane wa zamu, mjane wa zamu. Wanaume wanagonga meza. Wanawake wanacheka wakiwa wameinamisha vichwa.

Nilisimama. Sikuwa nimepanga kitu. Nilitembea mpaka mbele, na kwa kuwa walidhani nakuja kucheza, walinipisha. Nikamwomba maikrofoni, naye akanipa.

"Wimbo huu una mwenyewe," nilisema. "Aliitwa Nabintu. Alikuwa mama yangu mdogo. Alikufa Columbus."

Kinanda kiliendelea kidogo, kisha kikaacha.

"Bon, dada," Faustin alisema, bado anatabasamu, "ni utani tu. Ule wimbo hauna jina la mtu."

"Uliutunga kwa sababu alikukatalia," nikasema. "Ulikuja na samaki kwenye kochi letu, akakwambia uchukue samaki yako uende. Nilikuwa nyuma ya ukuta. Na wimbo ulipotoka, mimi niliucheka pamoja na wenzangu, jikoni, yeye akiwa mlangoni. Kwa hiyo sisemi kama mtu msafi."

Watu walianza kunung'unika. Mama wa bwana harusi alikuja kunishika mkono, akaninong'oneza kwamba naharibu siku ya watoto, na alikuwa na haki. Lakini mke wa Faustin alikuwa ameweka uma chini.

"Alikukatalia lini?" alimuuliza mume wake. Alimuuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza saa.

Faustin aliniangalia mimi kana kwamba mimi ndiye niliyeulizwa. Nikarudisha maikrofoni juu ya meza, nikachukua koti langu, nikatoka.

Nisikudanganye kwamba nilijisikia vizuri. Wamenitoa kwenye kundi la WhatsApp la kanisa. Wengine wamesema nina wazimu, wengine kwamba nimeanika uchi wa mama yangu aliyelala, na hilo la pili limeniuma kwa sababu sijui kama ni uongo. Juma lile lile, kwenye basi, kijana mmoja alikuwa anausikiliza ule wimbo kwenye simu, sauti juu, anatikisa goti. Hautakufa. Utaishi kuliko sisi, kama lile shairi la mwenye kilabu. Kinyaa changu nacho hakijaondoka. Nakula nusu sahani. Nikimwogesha bibi wa Lackawanna, nikimpangusa mgongo ule wenye mikunjo, nawaza wanaume wangapi wangekaa wakatafuta vina vya kuuchekea, nami natamani kupiga mtu.

Jana simu ililia, namba ya Louisville. Alikuwa mke wa Faustin. Sijui nani alimpa namba yangu. Nilidhani amenipigia kunitukana.

"Nieleze huyo mama," alisema. "Alikuwa mtu wa namna gani?"

Nikamweleza. Nilimwambia kwamba ulikuwa na ubishi, kwamba ulipenda chumvi kupita kiasi, kwamba ulikunja hata mifuko ya plastiki pembe kwa pembe. Nilimwambia kwamba kambini ulinibeba mgongoni kilomita nzima nikiwa mkubwa, miguu yangu inagusa chini, kwa sababu nilikuwa na malaria na hukutaka watu waone nimelala njiani. Nilimwambia ulivyosema siku ile kuhusu yeye: bibi yako iko kambini, anangoja.

Kisha akasema, "Faustin alikuwa ananiimbia ule wimbo kwa simu. Wakati nangoja makaratasi. Aliniambia ni wimbo wa mwanamke fulani mbaya wa Amerika." Nikasikia anafunga bomba la jikoni. "Nilicheka sana, dada. Nilimwomba aurudie."

Tulikaa hivyo, yeye jikoni kwake, mimi kwenye ngazi za nyumba ya watu, na hakuna aliyekata simu.

Naishia hapa, mama mdogo, bibi wangu anangoja kuogeshwa na maji yanapoa. Pumzika. Usinijibu haraka, hata ndotoni. Nikasirikie kwanza, kama ulivyopaswa kunikasirikia siku ile.

Mimi, mtoto wa dada yako, uliyenilea,
Furaha